Tabia baada ya jeraha la ubongo: kinachoharibika na namna ya kuishi nacho

Mtu aliyeumia kichwa hupimwa kwanza kwa mambo yanayoonekana. Anapumua mwenyewe? Anafumbua macho akiitwa? Anajua jina lake, mahali alipo, na mwaka huu ni upi? Anatembea bila kushikwa? Akiyapita hayo anaruhusiwa kurudi nyumbani, na wa nyumbani wanaambiwa amepona. Wiki chache baadaye yanaibuka mengine ambayo hakuna aliyewaonya. Aliyekuwa mpole anafoka kwa sababu kijiko hakipo mahali pake. Aliyekuwa hatulii anakaa kwenye kiti asubuhi hadi jioni bila kuomba hata maji. Aliyekuwa msiri anamhadithia mgeni mambo ya chumbani. Ndugu wanagawanyika: huyu anasema anadeka, yule anasema ameingiwa na kiburi, mwingine anashikilia kwamba ndivyo alivyokuwa siku zote na ajali imemfichua tu.

Ninavyoona mimi, wote watatu wanaanzia mahali pabaya. Kujizuia, kuanzisha jambo, kusoma uso wa mwenzako na kugundua kuwa umekosea ni kazi za ubongo, kama ilivyo kuona au kunyanyua mkono. Kila moja ina njia zake, na kila moja huharibika kivyake. Kwa anayemtunza mgonjwa hili si jambo la nadharia. Watu wawili wanaweza kukataa kuoga, mmoja kwa sababu hawezi kuanza, mwingine kwa sababu sauti ya maji na kuharakishwa vinamzidi. Wa kwanza anahitaji kusukumwa kidogo, wa pili ukimsukuma atakupiga.

Kwa nini sehemu ya mbele ndiyo huumia

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, ni laini, na unaelea kwenye majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kikisimama ghafla, ubongo unaendelea kwenda. Sakafu ya fuvu nayo haiko sawa kila mahali. Kwa nyuma ni nyororo, lakini juu ya macho mfupa una matuta, na mbele ya ncha za sehemu za pembeni za ubongo upo ukingo mkali wa mfupa. Kwa hiyo hata pigo likitua kisogoni, michubuko hukusanyika upande wa chini wa sehemu ya mbele na kwenye ncha za sehemu za pembeni. Kwa bahati mbaya hizo ndizo zinazoshughulika na kujizuia, hisia na kuishi na watu.

Uharibifu wa pili hauonekani kirahisi. Kichwa kikizungushwa kwa nguvu, nyuzi ndefu za neva zinazounganisha sehemu za ubongo huvutika na kujisokota. Nyingi hazikatiki papo hapo, bali huvimba na kukatika kwa saa na hata siku zinazofuata. Kipimo cha CT (picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka) ni kizuri kwa kuonyesha damu na mifupa iliyovunjika, lakini mara nyingi huzikosa kabisa nyuzi hizi. MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, iliyopangwa kutafuta matone madogo ya damu huona zaidi, ingawa nayo haioni yote. Kwa hiyo mtu asiambiwe anajifanya eti kwa kuwa picha yake ni safi.

Kuna dalili moja ndogo ambayo wengi huipita. Neva za kunusa hupita kwenye mfupa mwembamba wenye vitundu, chini kabisa ya eneo la ubongo lililo juu ya macho. Pigo linalozikata neva hizo lina nafasi kubwa ya kulijeruhi na eneo lenyewe. Basi uliza: anasikia harufu ya sabuni, ya kitu kinachoungua? Kama hasikii, jiandae kukutana na matatizo ya kujizuia hata kama mazungumzo yake hospitalini yalikuwa ya adabu. Jiandae pia kwa hatari za kawaida, maana hatanusa gesi inayovuja wala chakula kilichoharibika.

Ajali si chanzo pekee. Kiharusi, kupasuka kwa uvimbe wa mshipa wa damu upande wa mbele wa ubongo, moyo uliosimama na kuukosesha ubongo oksijeni, homa ya ubongo inayoletwa na virusi vya hepesi (ambavyo hupenda hasa sehemu za pembeni na upande wa chini wa mbele), uvimbe na upasuaji wake, vyote vinaweza kuacha mabadiliko yale yale. Mahali palipoumia ndipo panapoamua, kuliko kilichopaumiza.

Nini huharibika wapi

Eneo lililo juu ya macho likiumia, mtu hushindwa kujizuia. Husema linalomjia, hugusa, hununua, hucheka msibani, hukasirika upesi na kutulia upesi. Kwenye ukuta wa ndani, pale nusu mbili za ubongo zinapotazamana, ndiko unakotoka msukumo wa kuanza. Hapo pakiumia mtu hunyamaza na kukaa, na akiulizwa husema yuko sawa. Upande wa nje wa sehemu ya mbele hubeba upangaji, kwa hiyo uharibifu wake humfanya mtu akwame kwenye wazo moja, ashindwe kubadili mpango, arudie jambo lile lile. Ncha za pembeni na amigdala, kiini kidogo cha hisia kilicho ndani yake, huhusika na kusoma hisia za wengine, na nusu ya kulia ya ubongo ina mchango mkubwa katika kuelewa sauti ya mtu inasema nini zaidi ya maneno yake.

Hiyo ni ramani ya kitabuni. Mgonjwa halisi huwa na mchanganyiko, na mara nyingi wenye kuchanganya akili: hawezi kuanza chochote, lakini ukimwanzishia hawezi kuacha.

Haiwezekani kuandika juu ya haya bila Phineas Gage, ingawa kisa chake husimuliwa nusu. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na Cavendish, Vermont, Marekani, msimamizi huyu wa ujenzi wa reli mwenye umri wa miaka 25 alichomwa na chuma cha kushindilia baruti, chenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi. Kiliingia chini ya shavu la kushoto na kutokea juu ya kichwa. Alinusurika. Daktari wake, John Harlow, aliandika mwaka 1868 kwamba marafiki walimwona si Gage tena: mwenye matusi, asiyetulia kwenye mpango wowote. Wengi huishia hapo. Nusu ya pili ni kwamba Gage baadaye alifanya kazi Chile kwa miaka kadhaa akiendesha magari ya abiria yanayokokotwa na farasi, kazi yenye saa maalumu, njia ile ile, na wajibu wa kushughulika na abiria. Alikufa mwaka 1860 baada ya kuanza kupata degedege. Malcolm Macmillan, aliyechunguza kumbukumbu zake kwa kina, amependekeza kwamba utaratibu ule wa kila siku ulimsaidia kurudi kwenye maisha ya watu. Kwa mtunzaji wa leo, nusu hiyo ina faida kuliko chuma.

Asiyejua kwamba amebadilika

Hapa ndipo familia nyingi huvunjikia. Unamwambia mtu amefoka mara nne leo, naye anakutazama kwa mshangao wa kweli. Sehemu ya ubongo inayofuatilia mwenendo wake mwenyewe ni miongoni mwa zilizoumia, kwa hiyo hana taarifa unayodhani anaificha. Kuna pia wanaojua na kukataa kukubali kwa sababu ya uchungu, na kuwatofautisha kunawezekana. Anayekana kwa uchungu hujitetea, hubadilisha mazungumzo, hukasirika kila ukigusa jambo lile lile. Asiyejua huonekana ametatizwa au hajali, na kesho atakusikia kama vile hukuwahi kumwambia.

Kujitambua hurudi kwa ngazi. Kwanza mtu anaweza kusema kwa mdomo kwamba ana tatizo, "mimi nina hasira siku hizi", lakini halimsaidii chochote. Halafu anaanza kuligundua likiwa linatokea. Mwisho, na si wote hufika, anaweza kulitabiri kabla: "Kule kuna watu wengi, nitachoka, tukae nusu saa tu." Mbinu zako zifuate ngazi aliyopo. Kumpa mtu wa ngazi ya kwanza orodha ya mbinu za kujituliza ni kazi bure, kwa sababu hatajua ni wakati gani wa kuzitumia. Huyo anahitaji mtu wa nje amwashirie.

Zoezi linalofaa ni la kutabiri na kulinganisha. Chagua kazi fupi, tuseme kupanga vitu vya kununua kwa wiki. Kabla hajaanza, mwulize itamchukua dakika ngapi, atakosea mara ngapi, atahitaji msaada wapi, na uandike majibu. Aifanye. Kisha mkae na karatasi mbili, ile ya utabiri na ile ya yaliyotokea, naye ndiye asome tofauti. Wewe usitoe hukumu. Mara moja au mbili kwa wiki zinatosha. Kila siku inageuka mtihani, na mtihani unaleta ugomvi.

Kuna hatari moja. Kadiri kujitambua kunavyorudi, ndivyo mtu anavyoona alichopoteza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliowafuatilia watu wazima 559 waliolazwa Seattle, Marekani, kwa majeraha ya ubongo, ulikuta asilimia 53 walifikia vigezo vya sonona kali (ugonjwa wa huzuni) katika mwaka wa kwanza. Mgonjwa aliyeanza kusema "mimi ni mzigo" asiachwe na maneno hayo. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua, ondoa dawa nyingi na silaha nyumbani, na mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Hasira

Kabla ya kubadili chochote, andika. Daftari la wiki mbili lina thamani kuliko miezi ya kubahatisha. Kila tukio lipate saa, mahali, waliokuwepo, yaliyotokea dakika kumi kabla, alichofanya hasa, lilidumu muda gani, na kilichofuata. "Alikuwa mkali" haisaidii kitu. "Alitupa sahani ukutani, akapiga kelele dakika tatu, kisha akaenda kulala" ndiyo taarifa. Andika na siku zilizopita salama, kwa sababu nazo zina sababu zake.

Baada ya wiki mbili utaona mkusanyiko. Mara nyingi ni uchovu wa alasiri, kelele, watu wawili kuongea naye kwa wakati mmoja, kuharakishwa, njaa, maumivu ya kichwa, mpango kubadilika bila taarifa, au kusahihishwa mbele za watu. Hayo ndiyo ya kushughulikia kwanza. Hamisha mambo magumu yawe asubuhi. Weka mapumziko kabla ya uchovu, kwa saa, bila kusubiri aseme amechoka, maana hajui. Zima redio mnapoongea. Mabadiliko ya ratiba yaandikwe mahali anapoyaona.

Tazama pia safu ya "kilichofuata". Kama kila akipiga kelele anaachwa asifanye mazoezi, ubongo wake, hata ulioumia, umejifunza kwamba kelele zinafanya kazi. Njia ya kutoka ni kumpa namna nyingine ya kupata kile kile: neno au ishara ya "nipumzike", inayoheshimiwa kila mara, hata anapoitumia mara nyingi mno mwanzoni.

Tukio likishaanza, mtu mmoja tu aongee, kwa sauti ya chini na sentensi fupi: "Naona umekasirika. Natoka nje kidogo." Kaa mbali kuliko urefu wa mkono, usimame pembeni, na usizibe mlango. Usimshike. Usiulize "kwa nini unafanya hivi", kwa kuwa swali hilo linadai uwezo ule ule ambao kwa dakika hiyo hana. Dakika kumi hadi kumi na tano za utulivu kwa kawaida zinatosha. Mazungumzo kuhusu tukio yasubiri hadi ametulia kabisa, na yawe mafupi. Kumhubiria usiku huo huo kunamwongezea aibu ambayo kesho itabaki bila kumbukumbu ya sababu yake.

Kosa kubwa zaidi ni kila mtu nyumbani kuwa na sheria yake. Mmoja anatisha, mwingine anabembeleza, wa tatu anacheka. Mbinu ya wastani inayofuatwa na wote inashinda mbinu bora inayofuatwa na mmoja.

Na jeraha linaeleza kipigo, halimlazimishi yeyote kukivumilia. Watoto wawe na chumba chenye kufungika na namba ya mtu wa kumpigia. Visu na funguo za gari viwekwe mbali. Mjue mapema ni nani anatoka na nani, na mnakwenda wapi.

Asiyeanza

Huyu haleti ugomvi, kwa hiyo husahaulika, na hupoteza zaidi kuliko mgomvi. Kosa la kila siku ni swali pana: "Unataka kufanya nini leo?" Jibu litakuwa "sijui" au "baadaye". Mpe vitu viwili achague, vikiwa mbele yake ikiwezekana. Anzisha hatua ya kwanza kwa mkono: mpe mswaki wenye dawa tayari, mvalishe kiatu kimoja. Wengi wakishaingia kwenye mwendo humalizia wenyewe. Kengele ya simu itaje kitendo, "simama, chukua taulo", kwa sababu mlio mtupu atauzima tu. Kazi yenye hatua nane ivunjwe ziandikwe nane, na kila moja ikatwe kwa kalamu inapokwisha.

Usichanganye hali hii na sonona. Mwenye sonona anaumia: ana huzuni, hujilaumu, anaamka alfajiri na mawazo, hamu ya chakula imebadilika. Aliyekosa msukumo hahuzuniki, akiwekewa chakula anakula vizuri, na mara nyingi hashangazwi na hali yake. Tofauti hii ina uzito kwa sababu baadhi ya dawa za sonona zinaweza kumpunguzia mtu msukumo zaidi. Ikiwa dawa imeanza na ukimya umezidi, mwambie daktari.

Asiyejizuia, na asiyesoma watu

Kwa anayesema au kugusa pasipofaa, sahihisho liwe papo hapo, fupi, na la maneno yale yale kila siku: "Hilo ni la faragha. Tuongee kuhusu safari." Sauti iwe ya kawaida. Kicheko, hata cha aibu, ni zawadi kwake, na kesho atarudia. Kanuni ziwe za mahali maalumu, kwa kuwa "uwe na heshima" haimwambii mikono yake ifanye nini, lakini "mgeni tunampa mkono, kisha tunakaa" inamwambia. Mambo ya kimwili yasionewe haya: msaada wa kuoga utolewe na watu wanaofuata kanuni moja, na asiachwe peke yake na mtoto au mtu asiyeweza kujitetea hadi mtaalamu ameitathmini hali.

Fedha zinahitaji ulinzi kabla hazijapotea. Ikiwezekana akubali mwenyewe kuweka kikomo kidogo cha kutoa kwa siku, kuondoa kadi iliyohifadhiwa kwenye simu, na kusubiri siku mbili kabla ya kununua chochote kikubwa. Akikataa na hasara inaendelea, hapo lipo suala la uwezo wa kisheria wa kuamua, na linahitaji tathmini ya daktari na ushauri wa mwanasheria. Familia isijitwalie tu mamlaka hayo.

Kusoma watu ni tatizo la kimyakimya. Baada ya majeraha ya wastani na makali wengi hushindwa kutambua hisia kwenye uso au sauti, na hasira, woga, huzuni na kinyaa huwa vigumu kuliko furaha. Kejeli huchukuliwa kama ilivyosemwa. Mke analia chumba kile kile, mume anauliza chakula kiko wapi, na mke anahitimisha kwamba hapendwi tena. Dawa ya nyumbani ni kusema kwa maneno kile ambacho zamani uso wako ulitosha kukisema: "Nina huzuni. Naomba ukae nami." Inachosha, na watu wengi huona haina maana ikibidi kuomba. Lakini wengi wa wagonjwa hawa wakishaambiwa hufanya, na huko ndiko kujali kulikobaki.

Kuna pia wanaolia au kucheka ghafla bila kuhisi huzuni wala furaha, kwa sekunde au dakika chache. Waulize wanahisi nini, na watakwambia hawahisi. Geuza mazungumzo kwa utulivu, wala usibembeleze. Hali hii mara nyingi huitikia dawa za sonona kwa kipimo kidogo, kwa hiyo inafaa kutajwa kwa daktari.

Kabla ya kusema ndivyo alivyo sasa

Mabadiliko mapya, au yanayozidi badala ya kupungua, yatafutiwe sababu. Damu inayojikusanya polepole kati ya ubongo na fuvu inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya pigo dogo, hasa kwa wazee na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda: usingizi, kuchanganyikiwa, kuumwa kichwa, mguu au mkono kulegea. Hiyo ni dharura, na inatibika. Maji kujaa ubongoni huleta mwendo wa kuburuta miguu, mkojo usiozuilika na fikra nzito. Kifafa kinachoanzia pembeni mwa ubongo kinaweza kuonekana kama woga wa ghafla, kukodoa macho na kutafunatafuna kwa dakika moja au mbili, kisha kuchanganyikiwa, na watu wakakiita kisirani.

Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huumia mara nyingi kuliko inavyokaguliwa. Uchovu usioisha, hamu ya ngono kutoweka, hedhi kukatika, uzito kubadilika: omba kipimo cha damu cha kotisoli (homoni ya msongo), homoni za tezi ya shingo na homoni za uzazi. Uliza pia kuhusu usingizi. Anayekoroma na kukatika pumzi usiku ataamka na hasira hata bila jeraha lolote.

Halafu kagua dawa zenyewe. Levetirasetamu, inayotumika sana kuzuia degedege, inajulikana kwa kuleta ukali na hasira kwa baadhi ya watu. Ikiwa tabia iligeuka baada ya kuianza au kuongezewa, mwambie daktari, lakini usiikatishe mwenyewe, kwani degedege linalofuata linaweza kuua. Dawa za kutuliza kama dayazepamu na ndugu zake hutuliza kwa saa chache na kuzorotesha kumbukumbu na kujizuia. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, ikitumika muda mrefu nayo humfanya mtu kuwa mzito. Kwa ukali unaoendelea, propranololi, dawa ya shinikizo la damu, ni miongoni mwa dawa zenye ushahidi bora zaidi, baada ya kuhakikisha hana pumu, na kwa kufuatilia shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Pombe iachwe kabisa: kiasi alichokizoea zamani sasa kinamlevya zaidi, na kinaongeza hatari ya degedege.

Muda, na watoto

Baada ya mtikisiko mdogo wa ubongo watu wazima wengi hurudi hali yao ndani ya wiki chache, ingawa wapo wanaoendelea kusumbuka baada ya miezi mitatu. Kwa majeraha makali kasi kubwa iko katika miezi sita ya kwanza, na mabadiliko ya wazi yanaendelea hadi karibu miaka miwili. Baada ya hapo tishu hazibadiliki sana, lakini mtu bado anajifunza mbinu.

Kwa watoto hesabu inageuka. Sehemu ya mbele ya ubongo hukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, kwa hiyo mtoto aliyeumia akiwa na miaka mitatu anaweza kuonekana mzima, kisha akashindwa akiwa na kumi na miwili, pale shule na urafiki vinapodai kupanga na kujizuia. Watafiti wa Iowa, Marekani, waliripoti mwaka 1999 watu wazima wawili waliojeruhiwa eneo hilo kabla ya miezi 16. Walikua bila kujifunza kabisa kanuni za kijamii na za maadili, tofauti na wanaoumia ukubwani, ambao angalau kwa mdomo wanazijua. Mwalimu mpya wa mtoto aliyewahi kuumia kichwa ajulishwe, hata kama imepita miaka kumi.

Kwa daktari

Mgonjwa aliyeumia sehemu ya mbele anaweza kumpita kila mtaalamu bila kugunduliwa. Chumba ni kimya, maswali yanaulizwa moja moja, na anayepanga mazungumzo ni mtu mwingine. Yaani ubongo alioupoteza ameazimwa kwa nusu saa. Mwaka 1985 watafiti Eslinger na Damasio walieleza habari za mtu waliyemwita EVR, aliyekatwa uvimbe eneo la juu ya macho. Alifaulu vipimo vya akili kwa alama za juu, huku nyumbani akifilisika, akiachana na mke, akioa tena na kuachana tena.

Kwa hiyo omba muda wa familia kusikilizwa bila mgonjwa kuwepo, na mgonjwa naye asikilizwe peke yake. Beba daftari la wiki mbili, orodha ya dawa zote na tarehe zilipoanza, na maelezo mafupi ya alivyokuwa kabla: alifanya kazi gani, alikasirikaje, alikunywa kiasi gani. Bila hilo la mwisho daktari hana cha kulinganisha nacho. Omba rufaa kwa mwanasaikolojia anayeshughulika na ubongo na kwa mtaalamu wa tiba kazi (anayemsaidia mtu kurudia shughuli za kila siku), na sisitiza tathmini ifanyike pia nje ya ofisi, kwa mfano dukani au kituo cha basi, akiwa na orodha ya vitu na kelele masikioni.

Omba pia barua fupi inayosema kwamba mabadiliko ya tabia yanatokana na jeraha la ubongo. Mwajiri ataihitaji, na huenda polisi pia. Toleo lake dogo liwe mfukoni mwa mgonjwa, kwenye kadi: "Nina jeraha la ubongo. Nikichanganyikiwa au nikikasirika, ongea nami polepole, usinishike, nipe nafasi." Chini yake ziwe namba mbili za simu, ya pili ikiwa ya mtu asiyeishi nyumba hiyo.